Oili Iliyomshinda Rowland

Rowland, mume wangu,

Nyama ya kondoo iko kwenye friji, ipashe moto mwenyewe. Mbwa keshakula, asikudanganye. Usiwapigie polisi simu: gari lako la spoti nimelichukua mimi.

Wiki tatu umelala chini yake ukitafuta oili inavuja kutoka wapi. Jana nilikwambia inatoka juu, kwenye kifuniko cha injini, ukanicheka mbele ya jirani: “Noreen, mpenzi, haya mambo yana wenyewe.” Haya, mwenyewe! Leo ulipokwenda gofu nilikifungua. Gasketi mpya ya kuziba oili uliyojisifia umeiweka juu ya ile kuukuu, ndiyo maana haikuziba. Fundi mzima, aibu! Nikabandua zote mbili, nikakwangua uchafu, nikarudisha mpya peke yake, nikakaza bolti taratibu kama baba alivyonifundisha gerejini kwake, enzi ambazo wewe hukujua hata kushika spana. Nikaliwasha nusu saa nzima. Halikudondosha hata tone.

Naenda Whitby kwa dada yangu, paa la gari nimelifungua. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi Jumapili. Miaka thelathini nimekaa kiti cha abiria nikiambiwa nisiguse kitu. Ukitaka kulipanda tena, kiti hicho sasa ni chako.

Mkeo