Kiapo Nilichokivunja kwa Ajili ya Suleiman

Kapasi! Baba Suleiman, mwanao kapasi! Karatasi imekuja jana asubuhi, ina muhuri na jina lake lote mpaka la babu yako, na wiki ijayo anaanza kazi ya ufundi wa lifti Croydon. Croydon ile ile ya ofisi ya uhamiaji, tuliyokuwa tukiiendea na bahasha zetu kifuani. Sasa wakubwa wa maghorofa wakikwama juu huko, anaitwa mwanangu.

Asalaam alaykum, mume wangu. Nisamehe nimepiga kelele kabla ya salamu. Unanijua, furaha kwangu haikai.

Mwaka unakaribia tangu ututoke, na mengi hukuyaona. Kiwanda kimefungwa. Ndiyo, kile kile ulichokatia sponji za makochi miaka kumi na tisa, ukamwombea Suleiman cherehani ya karibu na meza yako. Mimi nilikuwa wiki ya tatu ya eda. Meneja aliwaita wote kantini, akawaambia makochi sasa yanatoka nje, yameshashonwa na kuvikwa, kwa bei ambayo hapa hainunui hata kitambaa. Watu wakanung'unika kidogo, kisha wakaenda kuchukua vikombe vyao. Suleiman akarudi nyumbani na viwili, chake na chako. Nikaviosha. Nilipofika kwenye chako... basi, hapo tupaache.

Serikali ikatuma watu pale kantini kwa siku mbili. Kila aliyepoteza kazi kwa ajili ya bidhaa za nje aandikishwe, asomeshwe ufundi mwingine, ada ilipwe, na posho kidogo ya kuishi awe nayo akisoma. Mwanao akachukua fomu, akaiweka juu ya friji, akaenda kulala mchana kweupe.

Nikamwambia nenda kajaze. Akanijibu kwa Kizungu chake, unamjua, Kiswahili anakielewa lakini ulimi wake ni wa Wembley. Ila neno moja alilisema kwa Kiswahili safi, na sauti ilikuwa yako: "Sisi hatukuja kukinga mikono."

Maneno yako mwenyewe, uliyomlea nayo. Na mimi niko edani, sitoki. Ingekuwa siku nyingine ningemburuta kwa kola mpaka kantini, wallahi, na ukubwa wake ule. Siku ya kwanza ikapita hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka ulichoniapisha. Suleiman alikuwa bado tumboni, tunaishi chumba kimoja, dirisha halifungi. Karatasi zetu za kuishi hapa zilipotoka, ofisi ya ajira ikakupeleka kozi ya kukata sponji. Ada walilipa wao, nauli wao, hata zile buti za kazi wao. Ukaniambia, "Mtoto huyu asijue kabisa." Nikaapa kwa jina la Mungu. Na miaka yote ukikaa mezani ukimsimulia kwamba ufundi uliupata kwa macho tu, kwa kuwatazama wenzio, mimi nilikuwa namimina chai.

Asubuhi ya siku ya pili nikasema. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu buti. Nilimwambia ulivyokuwa ukikaa nyuma darasani ukitafuna kalamu, Kiingereza kimekushinda, na ulivyorudi na cheti ukakificha chini ya godoro kana kwamba umekiiba. Niliogopa atakudharau. Niliona kama nakuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Akaniuliza, "Baba alikuwa anaona haya?"

Nikamwambia, "Sana. Na alikwenda kila siku."

Akavaa koti, akachukua fomu, chai akaiacha mezani. Alirudi jioni, akala sahani mbili, akaniambia nianze upya, nisimfiche kitu.

Basi mwanao alivyosoma! Mwalimu alikuwa akimwita mbele awaonyeshe wenziwe kufunga nyaya, si kwamba najisifu, aliniambia mwalimu mwenyewe. Bi Zuwena wa chini yetu akanicheka, "Fundi wa lifti, na lifti yetu mbovu mwaka mzima!" Nikamjibu, "Mwanangu si wa kuitwa kwa kupigiwa kelele ngazini. Omba miadi." Ungecheka wewe.

Kafara ya kiapo nimeitoa, nimelisha maskini kumi, pilau nimepika mwenyewe. Kwa Mungu nataraji nimesamehewa. Kwako sijui. Wewe ndiye niliyekuvua nguo mbele ya mwanao, nawe huwezi kunijibu.

Na kuna lililobaki. Rafiki yako Juma, yule wa cherehani ya mlangoni, bado yuko nyumbani. Fomu hakujaza. Mkewe ananiambia hatoki, anaona aibu, na uandikishaji, ambao sasa ni ofisini kwao, unafungwa mwisho wa mwezi. Suleiman anataka kusimama kwenye hitima yako, mbele ya watu wote, aseme baba yake alisomeshwa na nani. Aliniomba ruhusa. Nikamwambia subiri, nimwandikie mwenyewe kwanza.

Nimeandika, na nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Nimemkubalia. Ukiwa umekasirika, nikasirikie mimi tutakapoonana, nitakaa nisikilize mpaka umalize. Lakini nakuahidi, hakuna atakayelitaja jina lako kwa kebehi nami nipo. Nitakuwa upande wa wanawake, na sauti yangu unaijua inafika wapi.

Lala salama, mume wangu. Mungu akupe nuru huko ulipo. Juma tumemwita, na mkewe ameahidi kumleta. Watu wote wanakuja hitimani Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri.

Mkeo,
Mama Suleiman