Ndovu wa Mawe Kwenye Kiti cha Mama

Jumatatu jioni, Manga. Mvua imenyesha tangu mchana na bado inapiga mabati kwa hasira. Nimekaa mlangoni kwa Mama, panga liko mapajani, na chini ya kucha zangu kuna damu yake. Nimeosha kwa majivu, haijatoka.

Leo nimemwinulia baba mdogo panga. Ningemkata.

Naandika kwa Kiswahili, lugha ninayofundishia watoto pale Sironga, kwa sababu nikiandika kwa Ekegusii nitalia. Leo sitaki kulia. Nina hasira hata meno yananiuma, na hasira hii nataka ibaki mpaka kesho, maana nitaihitaji.

Tata, yaani baba yetu, yuko hospitalini Nairobi. Wiki iliyopita fahali wa jirani alimtoboa tumbo kwa pembe. Ombati, kaka yangu mwenye bucha Keroka, alimchinja fahali yule siku ileile bila kumwuliza mwenyewe, na jirani hakuthubutu kutoka nje. Tata alichukuliwa kwa gari la wagonjwa hadi Kisii, kisha Nairobi, na mvua ikakata barabara nyuma yao. Malori yamelala Keroka tangu wakati huo.

Jana binamu yetu wa Nairobi alipiga simu kwenye duka moja pale Kisii. Alisema Tata atapasuliwa Jumanne asubuhi, yaani kesho, na daktari hajaahidi kitu. Tata naye amekataa. Amesema kisu hakitamgusa kabla hajamwona mkewe. Binamu akasema, mleteni Mama, asipofika mzee atakufa na ubishi wake.

Kwa hiyo ilibaki ndege. Kuna ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Suneka, ya watu wa biashara na wakubwa wa chai. Ombati akauza ng'ombe, tukapata tiketi moja. Asubuhi tulimsindikiza Mama sisi wawili, yeye akiwa na gauni lake la kanisani, mimi nikiwa mkalimani, kwa sababu Mama Kiswahili hakijui.

Mama yangu ni mnene. Simtukani. Huku kwetu mwili wa mke ni sifa ya mume, maana yake kwa yule bwana kuna chakula na hakuna kipigo. Watu humsalimu Tata wakimtazama Mama.

Na miguuni Mama huvaa ebitinge, pete nzito za chuma zilizozunguka vifundo vyake tangu alipoolewa. Wenzake wengi walishazitoa. Mchungaji alipombatiza alimwambia azivue, ni mambo ya kale. Mama akamjibu kwamba atazivua siku Mungu atakapomchukua mume wake, na kama maji ya ubatizo yanaogopa chuma basi yabaki mtoni. Alibatizwa nazo. Kwetu mwanamke havui pete hizo mume akiwa hai. Akizivua, ameivunja ile ndoa au amemzika mtu.

Kwa unene wake Mama hafiki miguuni mwenyewe. Kila Ijumaa kabla jua halijazama, Sabato ikikaribia, Tata huketi kwenye kigoda na kikopo chake cha samli akazipaka pete zile moja moja. Huwa anazungumza naye chini kwa chini, na sisi watoto tulifundishwa kwenda kutazama mbuzi.

Sasa nisikilize, shajara.

Pale kiwanjani kuna karani, kijana wa kutoka mbali, mwenye tai na viatu vilivyojaa matope. Alikuwa na mizani ya chuma, ile ya kupimia magunia ya kahawa. Kila abiria alipanda. Kwenye uso wa mizani mtu alikuwa amepaka alama nyekundu, na karani akaeleza sheria ya kampuni yao: abiria akiipita alama, huyo si mtu mmoja, alipe viti viwili.

Mama akapanda. Mshale ukaipita alama kidogo, upana wa kidole.

Watu wakacheka. Kulikuwa na wapagazi, wachuuzi wa ndizi na wanawake waliokuja kutazama ndege tu. Mtu wa nyuma akauliza gunia hilo ni la daraja gani. Ombati akageuka kumtafuta aliyesema, na mimi nikamshika mkono. Najuta kumshika.

Nikamwambia karani tutalipa hicho kiti cha pili, tutatafuta pesa hata kwa kuomba. Akasema kiti hakuna. Nikatazama ndani ya ndege. Kiti cha nyuma, karibu na cha Mama, kilikuwa na kreti ya mbao iliyofungwa mkanda vizuri kabisa. Ndani ya kreti walikuwa ndovu, ndovu wa kuchongwa kwa mawe laini ya kule Tabaka, mali ya Bwana Makori, mfanyabiashara aliyekuwa amesimama pale chini ya mwavuli kwa ajili ya manyunyu.

Ndovu wa mawe walikuwa na kiti. Mama yangu hakuwa nacho.

Nilimwangukia Makori. Nilimwambia kuna mtu anakufa. Ni Mgusii mwenzetu, alinielewa kila neno. Akasema, "Mwalimu, pole sana, lakini hii kiti nimelipa. Wazungu wananingoja na mzigo yangu." Kisha akasogeza mwavuli ili usinidondoshee maji. Huo ndio wema alionitendea.

Karani akazunguka akamtazama Mama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaona pete. Akafurahi, nadhani alidhani anatusaidia. "Mwambie atoe hii vyuma," akasema. "Hapo tu ataingia."

Sikutafsiri. Mama akaniuliza, anasema nini huyu, na mimi nikatazama chini. Karani akaona tunamchelewesha. Akapiga goti kwenye nyasi, akamshika Mama kifundo cha mguu mbele ya watu wote, akaanza kuivuta pete.

Mama hakuhitaji mkalimani tena. Alimpiga teke la mdomo kwa mguu huohuo wenye chuma. Nilisikia jino likivunjika. Karani akaenda chali, na kabla hajaweka kiwiko chini Ombati alikuwa juu yake, anampiga kwa ngumi. Makori akaja kuamua, Ombati akampiga kichwa, mwavuli ukaruka na bwana mkubwa akakaa matopeni ameshika pua. Mpagazi mmoja alimkamata kaka yangu shingo kwa nyuma. Nikamng'ata mkono. Mimi, mwalimu wa darasa la nne, nilimng'ata mtu mpaka nikahisi chumvi, na moyo wangu ukafurahi.

Rubani ndiye aliyemaliza. Alikuja na chuma cha kufungulia magurudumu akamshushia Ombati begani. Ombati akapiga magoti. Manyunyu yakaanza kugeuka mvua.

Rubani akasema anaondoka sasa hivi kabla mawingu hayajafunga, na kwamba sheria haibadiliki kwa ngumi. Chini ya alama, mama aingie. Juu ya alama, abaki. Hakupandisha hata sauti.

Hapo nikamtafsiria Mama kila kitu.

Aliyatazama mawingu. Akaitazama ndege. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama Tata yuko hai. Nikasema jana alikuwa hai. Akasema, "Lete koleo."

Ombati alikataa. Alikuwa ameshika bega, machozi yanamtoka, akasema hatamzika Tata kwa mkono wake. Mama hafiki miguuni mwenyewe. Nilibaki mimi. Nikaazima koleo kwa fundi wa ndege na Mama akakaa juu ya mizani ileile, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine.

Pete hizo zimekaa miguuni mwake muda mrefu kuliko umri wangu. Nyama imezizunguka. Nilizipanua kwa koleo huku nimekanyaga upande mmoja, na zilipokataa nilivuta kwa nguvu, na ngozi ikaja nazo. Mama hakulia. Aliniwekea mkono kichwani akabonyeza kila ilipouma, na ndivyo nilivyojua. Wale wanawake waliokuwa wakicheka walifunika nyuso. Mmoja alianza wimbo wa msiba, Mama akamtazama na wimbo ukaisha.

Pete ya mwisho ilipotoka, vifundo vyake vilikuwa vyeupe na vidogo, vya msichana. Niliona aibu kuvitazama.

Alipanda mizani akiwa amesimama kwenye damu yake. Mshale ukagusa alama na kubaki hapo. Karani, kitambaa mdomoni, akatikisa kichwa kukubali.

Mama akanipa pete zote ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Akasema, "Kwamboka, sijavua. Nimezitanguliza nyumbani tu. Baba yako akiwa hai, atanivalisha mwenyewe." Akaingia. Mkanda haukumtosha, wakamfunga kwa kamba. Ndege ilipopita mbele yetu nilimwona dirishani, amekaa bega kwa bega na kreti, amelegeza kiwiko juu yake kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Makori alikuwa kwenye kiti cha mbele, ameshika pua yake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu na kwa lori la mkaa. Ombati hakuniongelesha njia nzima. Mimi nilikuwa nimefikiri kuhusu Nairobi tu, kama Mama atafika, kama Tata atamsubiri. Sikufikiri kabisa kuhusu kitambaa nilichobeba.

Chuma kina sauti yake. Nilipopanda kilima, kikigonga kiunoni, shangazi alikuwa anachuma mboga kando ya njia. Alisikia. Akainua kichwa, akaona kitambaa cha Mama, akaona damu kwenye gauni langu na bega la Ombati lililovimba. Hakuuliza. Alitupa mboga chini akapiga ukemi wa msiba.

Hapa kwetu ukemi haurudishwi. Kabla sijafika uani, boma lilikuwa limejaa. Wanawake walijitupa matopeni wakimwita Tata kwa majina ya sifa. Nilipaza sauti kwamba yuko hai, kwamba ni mizani, kwamba ni sheria ya ndege. Nani angeelewa? Nimeshika pete za mke wake mkononi, halafu nawaambia habari za mizani. Hata mimi nilijisikia ni mwongo.

Baba mdogo, ndugu ya Tata, alikuja na vijana na majembe. Huyu ana jicho kwenye shamba letu la chini tangu nikiwa mdogo. Hakulia hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kando ya nyumba, akapima kwa hatua, akawaonyesha vijana mahali pa kaburi, kisha akamwambia mwanawe afungue ng'ombe mweusi wa kuchinjwa msibani. Nikasimama mbele yake. Akasema Mama amemvua kaka yake kama anayevua kiatu, na mimi ndiye niliyeshika koleo. Sijui nani alimwambia. Nadhani ni Ombati.

Alinipiga kofi. Sikio bado linalia.

Jembe la kwanza liliingia ardhini. Sauti ile, ya jembe kwenye udongo mbichi kando ya ukuta wa nyumba ya Tata, ndiyo iliyonitoa akili. Nilichukua panga mlangoni. Pigo la kwanza lilikata mpini wa jembe mikononi mwa kijana. La pili nililiinua kwa ajili ya baba mdogo mwenyewe, na aliona kwamba sitanii, kwa kuwa alirudi nyuma mpaka akajikwaa kwenye udongo aliouchimbisha. Nikamwambia, "Baba mdogo, shimo hili atakayeliingia leo ni wewe."

Mtoto wa kike haongei hivyo na baba yake mdogo. Najua. Wazee watanitoza mbuzi, labda watanilaani. Sijuti hata nikijilazimisha.

Ombati ndiye aliyekuja kusimama kando yangu, bega limelala, na jembe lililokatika mkononi. Vijana wakabeba majembe yao. Wakaondoka. Baba mdogo akaacha neno getini kwamba kesho atakuja na wanaume, si watoto.

Sasa Ombati analifukia lile shimo kwa mkono mmoja, kwenye mvua. Nasikia kila jembe la udongo. Binamu alisema atapiga simu kesho mchana dukani, na kati ya sasa na mchana sijui kama nina baba. Sijui kama Mama alifika. Sijui kama Tata, akiona miguu yake mitupu mlangoni pa wodi, atafikiri yeye mwenyewe ameshakufa.

Hilo ndilo linaloniogopesha, kuliko baba mdogo na wanaume wake.

Pete ziko hapa mbele yangu. Nimezifuta damu. Mvua imezipata njiani na moja tayari ina alama ya kutu. Nimeingia ndani nikatafuta kikopo cha samli cha Tata, nimekikuta pale pale chini ya kigoda chake, nimekifungua, nimetia kidole.

Halafu nimekifunika na kukirudisha. Ijumaa haiko mbali, na kazi hiyo ina mwenyewe.