Baba Chelangat, Kesho Tunacheza na Sigor

Mpendwa Baba Chelangat,

Kesho timu yako inacheza mechi ya mchujo kule Sigor. Ikishinda inapanda ligi, ile ligi uliyoitafuta miaka yako yote ya ukocha bila kuipata. Ikishindwa inarudi hapa Kiptere kucheza na timu zilezile, na vijana wengine wamesema wataacha mpira kabisa. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimefanya kuhusu mechi hii, na afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Kwanza nikuambie kile ambacho sikukuambia ukiwa hai. Wenzangu kanisani walikuwa wakiwaonea wivu wanawake wengine. Mimi niliwaonea wivu wanaume kumi na mmoja, pamoja na wale wa akiba.

Unakumbuka siku Chelangat alipozaliwa? Mlikuwa mmetoka Sigor, mmefungwa matatu. Ulifika hospitalini jioni na vumbi kwenye nyusi. Ulimpakata mtoto, ukamtazama, ukasema, "Ni mzuri sana." Halafu, hata kabla ya kukaa, ukaanza: "Lakini Esta, hilo bao la tatu! Kipa ametoka, mpira umedunda mbele yake ukamruka kichwa!" Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ulipoondoka nililia.

Na zile jioni baada ya chakula, ukiwapanga wachezaji mezani kwa vikombe vyetu, bakuli la sukari likiwa kipa. Siku moja nilikuuliza, "Na mimi ni kikombe gani?" Ukasema, "Wewe ndiye meza." Ulidhani umenisifu. Labda ulinisifu kweli. Lakini meza haichezi.

Siku ya mazishi yako walikuja wote na jezi. Walikubeba wao. Kibet, nahodha wako, alishika kipaza sauti akasema, "Leo tumebaki yatima," akashindwa kuendelea, na watu wote wakalia naye. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele, na nilijisikia kama mgeni aliyekuja kuwapa pole. Mungu anisamehe, hata maiti yako niliwaonea wivu nayo.

Baadaye nilichukua lile daftari lako la jalada jeusi nikalisoma lote. Lilinichukua wiki mbili, maana mwandiko wako unaujua. Onyancha, yule kipa kijana wa Kikisii aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la majani chai, ana kurasa nne. Umeandika anavyolala, anavyokula, na kwamba mama yake akiugua yeye hufungwa mabao ya kijinga. Kibet ana kurasa sita. Nilikuwa natafuta jina langu. Nililipata mara moja tu, ukurasa wa mwisho kabisa: "Mwambie Mama C. soksi." Basi. Miaka kumi na saba ya ndoa.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita, Kibet alipokuja nyumbani na kocha mpya, moyo wangu ulikuwa tayari umefungwa. Huyo kocha mpya ni kijana mpole, anaitwa Wesley. Niliwapa chai. Kibet ndiye aliyesema.

"Mama, tumekuja kuomba ile kitabu ya kocha. Tunaenda kucheza Sigor kwao, na hiyo uwanja inatusumbuanga."

"Niliichoma," nikasema.

Kibet aliweka kikombe chini polepole. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa umekufa mara ya pili. "Sawa, Mama," akasema. "Ilikuwa yako."

Daftari lilikuwa chumbani, chini ya godoro, hatua tano kutoka alipokaa. Nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi mpaka wakafika barabarani. Kisha nikaona namna Kibet anavyotembea ameinamisha shingo, nikaingia ndani.

Jumanne nilipotoka kupeleka majani yangu kituoni nilipitia uwanjani. Nilisimama nje, kwenye ua wa chai, nikawatazama wakifanya mazoezi. Mvua ilikuwa imenyesha kama kawaida yake, na walikuwa wakipasiana kwenye matope vizuri kabisa, pasi fupifupi, mpira ukiteleza. Lakini Onyancha alikuwa akitoka golini kwa kila mpira mrefu. Hapa kwetu hilo si kosa, kwa sababu mpira ukianguka unazama. Kule Sigor ardhi ni kavu, mpira unadunda mara mbili. Umeliandika hilo karibu kila ukurasa, umelipigia mistari. Nilijua. Katika uwanja mzima hakuna aliyejua ila mimi, na nilinyamaza nikaenda nyumbani.

Chelangat alikuwa akichuja maziwa. Nikamweleza, nikidhani atanihurumia. Ana miaka kumi na sita, na mdomo wake ni wako.

"Mama, kwani unashindana na nani? Baba ameshaenda. Hata wao hawako na yeye."

Nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa.

Jana, Alhamisi, nilirudi uwanjani na daftari mkononi. Nilimwita Kibet kando nikamwambia, "Nilikudanganya. Sikuichoma. Niliona wivu." Akasema, "Hata sisi tulikuwa tunakuonea, Mama. Mechi ikiisha alikuwa anakimbia nyumbani. Hata tukishinda, hakuwa anakaa na sisi. Alikuwa anasema, 'Esta ananingoja, lazima nimwambie.'"

Baba Chelangat, kwa nini hukuniambia hivyo wewe mwenyewe?

Kocha Wesley alipokea daftari kwa mikono miwili, akafunua, akahangaika na mwandiko. Onyancha alikuwa amesimama karibu, nami nikashindwa kujizuia. "Wewe, kesho kutwa usitoke golini ovyo. Kule mpira unadunda mara mbili. Ngojea mdundo wa pili."

"Hiyo ni kocha aliandika?" akauliza.

"Hiyo nasema mimi."

Ndiyo, nilikuibia. Wote walikuwa wamenigeukia, kumi na mmoja na wale wa akiba, wakisubiri niongeze kitu. Utamu wake niliusikia mpaka kwenye vidole. Nikaongeza. Niliwaambia wapunguze pasi fupi, wapige mpira mrefu pembeni, na Weldon, mshambuliaji wetu, arudishwe kushoto, kwa sababu kulia anaogopa kugongana. Kocha Wesley aliandika yote. Tulimaliza kiza kikiingia, na Kibet akanisindikiza.

Sasa nikuambie ninavyoiona mechi. Sigor wana nguvu kuliko sisi, na wako kwao. Kipindi cha kwanza watatusukuma sana. Tukifungwa mapema tumekwisha, maana vijana wako wakifungwa wanaanza kugombana, hilo hukulitibu. Lakini Onyancha akikaa golini tufike mapumziko bila kwa bila, Sigor watapata wasiwasi, kwa sababu wao ndio wanaoambiwa lazima washinde. Weldon atapata nafasi moja. Labda mbili. Mama yake Onyancha nimempigia simu leo asubuhi, yuko salama, hata amechuma majani. Mimi naona tunaweza. Sisemi tutashinda. Nasema tunaweza.

Najua tukishinda wataimba jina lako. Hawataimba langu, na nitanuna kidogo, halafu nitaimba nao. Huo wivu bado ninao, nisikufiche. Sasa nakuonea wewe pia, kwa sababu ulikuwa na hili jambo kwa miaka yote hiyo, ukaniletea nyumbani katika vikombe tu.

Kocha Wesley ameniomba nikae nao kwenye benchi. Nimekubali. Lori linatuchukua saa mbili asubuhi, na Chelangat anakuja pia.

Wewe uko hapa nyuma ya nyumba, mahali tulipokulaza, ukitazama majani. Kesho mimi ndiye nitakayekuwa Sigor, na wewe ndiye utakayengoja. Nikirudi, nitakuja kwanza kwako na vumbi langu usoni, nikueleze bao moja baada ya lingine, na utanisikiliza mpaka nimalize.

Mkeo,
Esta, Mama Chelangat