Kikombe Changu cha Katwe Kimestaafu

Kampala, Jumanne. Asubuhi mvua, mchana jua kali, na sasa kuna ubaridi wa kufunga dirisha. Mimi mwenyewe nimetulia kuliko hali ya hewa.

Kwa heshima kubwa, na baada ya kushauriana na wahusika wote, yaani mimi na mke wangu Zaina, natangaza kwamba kikombe changu cha bati, kile cha buluu, kimestaafu rasmi leo. Kimetumikia karakana moja ya Katwe kwa muda mrefu kuliko baadhi ya mawaziri wanavyokaa wizarani. Sababu iliyotolewa ni kutoboka kwa sababu ya uzee. Kuanzia leo kitaishi mlangoni petu, kikiwa na udongo na ua moja. Nilipendekeza dania. Zaina akasema hatakula kitu chochote kilichopitia humo.

Ana haki. Ngoja nieleze.

Kwa wasiojua kazi yangu: tunavunja betri za magari zilizokufa, tunatoa risasi iliyomo, yale madini mazito ya kijivu, tunaiyeyusha kwenye jiko la mkaa na kuimimina upya. Babu yangu, Mnubi wa Bombo aliyekuwa askari, alibeba risasi kiunoni. Mimi nimezibeba kwenye damu, bila vita wala pensheni.

Katwe kila mtu wa moshi anaijua dawa yake, nayo ni maziwa. Ukichomelea, ukipaka rangi, ukiyeyusha, saa ya chakula unakunywa kikombe kizima na uchafu wote wa kifuani unashuka nayo. Hakuna aliyetufundisha, tuliwakuta wenzetu wakinywa. Nami sikuwahi kukosa siku. Kikombe changu kilining'inia kwenye msumari ukutani, juu kidogo ya jiko, karibu na mkono. Ikifika mchana mdomo wake ulikuwa na vumbi jepesi la kijivu. Nililifuta kwa kidole gumba, kile kile cha kazi, kisha nikakinga maziwa.

Huo ndio uliokuwa usafi wangu.

Sasa jambo lenyewe. Mimi na Zaina tunatafuta mtoto tangu tulipooana, na huu ni mwaka wa tano. Binti yangu Rehema, niliyemzaa na marehemu mke wangu wa kwanza, ni mtu mzima sasa. Alizaliwa kabla sijaingia kwenye betri. Kwa hiyo ukoo wote ulikuwa na hakika kwamba mimi mtihani nilishafaulu zamani, na kama kuna tatizo liko kwa Zaina. Maskini akapimwa, akapimwa tena, akanyweshwa mizizi na dada yangu Mariamu mpaka ulimi ukabadilika rangi. Kila alipoambiwa hana kasoro, tulirudi nyumbani kutafuta hospitali iliyo bora zaidi.

Ndipo Mariamu akaanza kumtaja binti fulani wa Bombo. Mpole, anajua kupika, kwao watu wazuri. Zaina alianza kukunja nguo zake vizuri kupita kiasi, kama mtu asiyetaka zimchukulie muda siku ya kuondoka.

Hilo ndilo lililonitisha.

Mwaka jana, kwenye kliniki moja ya Wandegeya, daktari ambaye angeweza kukaa dawati moja na Rehema alimaliza kusoma vipimo vyote vya Zaina, akanitazama juu ya miwani. "Na wewe, Mzee, ulipimwa lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikapewa kikopo na kuonyeshwa chumba kinachopakana na duka la kuchapisha, ambako wanafunzi walikuwa wakigombania mashine. Mariamu, najua unasoma hapa, ruka aya hii.

Majibu yakaja. Mbegu zangu ni chache, na hizo chache zina uvivu, nyingi zinazunguka mahali pamoja. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akataka damu, na damu ikakutwa na risasi nyingi. Akanieleza taratibu kwamba risasi huingia kwa moshi unaovutwa na kwa vumbi linaloliwa, na inaweza kudhoofisha mbegu za mwanaume hata kama mwenyewe anajiona mzima wa kuinua gunia.

"Lakini mimi nakunywa maziwa kila siku, Daktari," nikasema kwa fahari.

"Maziwa ni chakula kizuri, Mzee, lakini hayaoshi risasi. Kikombe chenyewe unakiweka wapi?"

Nikamwambia, kwenye msumari. Akauliza msumari uko wapi. Nikamwambia. Halafu nikasikia nilichokisema.

Zaina aliinamia viatu vyake, mabega yakitikisika. Nilidhani analia, kumbe anazuia kicheko. Kilio kilikuja baadaye, kwenye ngazi, na hakikuwa cha huzuni. Muda wote ule alikuwa ameanza kuamini maneno ya watu.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Niondoke kwenye jiko. Ninawe kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za kazi zisifike nyumbani, maana vumbi lile halichagui, linamfuata na mke. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, na damu nayo ina mwendo wake, kwa hiyo nisiwe na haraka. Hakuniahidi kitu.

Nikahamia mbele, upande wa barabarani, kuuza vipuri. Karakanani nikasema ni mgongo. Katwe mgongo ni ugonjwa wa heshima, hauulizwi maswali.

Ila mwenzangu wa jiko, Ssalongo, aliuliza. Ssalongo ni baba wa mapacha, na hapa Kampala ukipata mapacha jina lako la zamani linasahaulika siku hiyo hiyo. "Haji, mgongo gani hiyo? Wewe unataka tu kukaa kwa kiti kama bosi." Ananiita Haji ingawa Maka nimeiona kwenye kalenda tu. Nikacheka naye, nikakiacha kikombe changu pale pale ukutani, kando ya chake. Kukiondoa kungehitaji maelezo.

Leo asubuhi tumerudi Wandegeya kwa majibu ya kipimo cha pili. Goti langu lilikuwa likicheza lenyewe, Zaina akaliwekea mkono kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Zimepanda, Mzee," daktari akasema. "Hazijawa nyingi sana, lakini zimefika kwenye kiwango cha kawaida. Na zinakwenda mbele. Risasi kwenye damu imeshuka vizuri. Sasa endeleeni kujaribu."

Hakusema mtoto yupo. Hayupo, bado. Lakini nilishusha pumzi ambayo naona niliivuta siku ile Zaina alipoanza kukunja nguo.

Sijawahi kusifiwa kwa kazi ambayo sikuiona ikifanyika.

Tukala kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, katikati ya wanafunzi. Zaina alimaliza sahani yake na nusu ya yangu. "Baba Rehema, mpigie dada yako," akasema. "Mwambie yule binti wa Bombo asiendelee kusubiri, tunamchelewesha mtoto wa watu." Mariamu, nimepiga, hukupokea. Chukulia hii ndiyo simu.

Ningeishia hapo. Lakini Zaina ameyasoma haya kabla sijayabandika, akafuta sentensi mbili ambazo hamtaziona, kisha akaniuliza kama hiyo habari ya kutoboka kwa uzee naiamini mwenyewe.

Haya, ukweli ni huu.

Mchana nilipita karakanani. Ssalongo alikuwa amekaa kando ya jiko na maziwa yake. Mapacha wake ni wakubwa, walizaliwa kabla hajaja Katwe, kama Rehema wangu. Mwaka juzi alioa tena, na mke huyo naye sasa anazungushwa kwa waganga kutafuta mtoto.

"Haji, mgongo imepona?"

"Haikuwa mgongo," nikasema.

Nikamweleza yote: kikopo, mbegu, damu, msumari. Sisi pale tunasemezana kila kitu, mpira, wanawake, siasa, lakini hili hatujawahi kulitamka. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe hewani, hakunywa wala hakukishusha.

Nilipomaliza, nilikiondoa changu ukutani, nikaung'oa na ule msumari. Nikakilaza kifudifudi juu ya jiwe na kukitoboa kwa msumari huo na nyundo, asije mwingine akakirithi.

Ssalongo akalitazama lile tundu. Akainuka, akaenda mlangoni, akayamwaga maziwa yake taratibu, yote. Akarudi na kikombe kitupu, akakilaza kifudifudi kando ya changu.

"Lete hiyo msumari," akasema.