Nauli ya Gari Langu

Alkhamisi, 1960

Lakini gari si langu? Nimeuza bangili zangu nikanunua hisa za kampuni ya gari hili la abiria, na leo kutoka Chokocho kondakta kanidai nauli kama mgeni!

Nikamshtakia mwanangu Hamadi, karani wa kampuni. Akacheka.

"Mama, faida hutoka kwenye nauli. Msipolipa, mtagawana nini?"

"Na gari likipinduka, kampuni ikafa?"

"Mwenye duka aliyetukopesha pesa za kununulia gari atalipwa kwanza, na nyongeza yake. Nyie wenye hisa mtagawana kitakachobaki."

Huenda kisibaki kitu. Naogopa. Ningekopesha kama mwenye duka ningelipwa kwanza, lakini nyongeza ile ni riba, na riba siitaki.

Jirani yangu Bi Time huenda sokoni kwa miguu, na magoti yale mabovu. Kesho nampandisha garini kwa nguvu. Nauli atalipa mwenyewe. Chakula cha mchana nitamlisha mie.