Rangi Uliyoahidi Kuitoa

Fundi Omari,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Miaka yote ile sikuwahi kushika msasa asubuhi kabla sijaipata marahaba yako.

Ni mimi, Nakijwa. Bi Zaina, mkeo, anaendelea vizuri, ingawa hajakubali bado mtu akalie kiti chako. Same imebadilika, Fundi. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa imerundikwa madukani mpaka mlangoni. Magari yaliyotumika Japani yanapita barabara kuu kila siku, na watu wanasema mafundi wa rangi kama sisi wakati umetupita. Hamisi, mdogo wako, naye anasema hivyo. Anataka uwanja wako wa kazi auzie mitumba. "Mwenye kazi hayupo, dada," aliniambia. "Wewe unangoja nini?"

Jibu nililipata alipoteremka Mwalimu Elieza wa Myamba na pikapu yake, ile anayoshushia tangawizi kutoka milimani.

Wewe unaijua. Mimi sikuwahi kuiona, maana uliipaka kabla shamba la mkonge halijatupunguza kazini, kabla sijaja kwako kuuza chai nikaishia kushika brashi. Dashibodi, vishikio vya milango, vifuniko vya matundu ya hewa, plastiki yote ya ndani uliipaka rangi nyeusi ya bati, kwa kuwa miaka ile ndiyo iliyopatikana. Sasa imepasukapasuka kama tope la mto uliokauka, na iliyobaki inanata kwa joto letu hili. Mwalimu alinionyesha shati lake, kiwiko kizima cheusi. Jumamosi ya wiki iliyofuata gari hilo hilo lilikuwa limpeleke binti yake kanisani, na gauni jeupe.

"Sikuja kulalamika," alisema. "Marehemu aliniambia mwenyewe siku ile: Mwalimu, hii ni rangi ya bati, plastiki itaikataa. Ikianza kubanduka irudishe, nitaitoa kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyechelewa."

Hamisi alikuwepo. Akasema ahadi ya maiti huzikwa naye. Fundi, sikukusudia kumkosea adabu mdogo wako, lakini maneno yalinitoka: "Mkono huo ndio ulionifundisha mimi." Akacheka, akasema haya basi, nikiharibu nimkabidhi ufunguo wa geti.

Nilifungua vipande vyote, skrubu moja moja, nikavipanga kwenye turubai. Halafu nikaogopa. Thina ya kuyeyushia rangi ilikuwa pale, kopo zima, lakini nilikusikia kabisa: "Thina haijui kuchagua. Itakula rangi, kisha itaila na plastiki." Nikajaribu maji ya moto na sabuni. Hakuna kitu. Msasa ungeacha mikwaruzo isiyofutika.

Siku ya pili nzima sikufanya kazi. Nilikaa nikifikiri. Ndipo nikakumbuka siku niliyomwaga mafuta ya breki juu ya boneti ya lori ulilomaliza kulipaka. Rangi ilivyojikunja makunyanzi! "Umeniua, Nakijwa!" ulipiga kelele mpaka wauza ndizi wakaja kuangalia, na kwa siku mbili hukuinywa chai yangu. Nikajiambia, kilichoniponza siku ile huenda kikaniokoa leo. Nikapaka kidogo nyuma ya kifuniko cha kisahani cha majivu, mahali pasipoonekana, nikakiacha. Alasiri rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa, na plastiki chini yake haijaguswa.

Basi nikakaza kamba. Nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikapaka, nikafunika, nikangoja. Nikasugua kwa mswaki, na kwenye pembe nikakwangua kwa kijiti, nikaosha kwa sabuni. Kisha nikarudia. Vipande vingine vilitaka mara tatu. Vidole viliniwasha na mgongo ukakataa kunyooka, lakini sikuacha.

Nilipogeuza kifuniko cha dashibodi, nyuma yake, kwenye rangi, nilikuta alama ya dole gumba lako. Lile lenye kovu. Ulikishika kabla hakijakauka.

Nililia, Fundi, sikufichi. Nilikaa chini kwenye turubai nikalia kuliko siku ya mazishi. Pale nyuma hakuna ambaye angepaona, ningeweza kuiacha. Lakini wewe hukuahidi kutoa rangi inayoonekana tu. Nikachovya mswaki.

Ijumaa Mwalimu alikuja. Plastiki ilikuwa imerudia kijivu chake cha kiwandani. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja karibu na kishikio cha kushoto. Ni wangu, nilimwonyesha kabla hajauona. Akatoa leso nyeupe, akaipitisha dashibodi yote, akaigeuza, akaitazama. Safi. Akaikunja polepole, akasema, "Nikifika Myamba nitawaambia Omari ametimiza." Hakusema Nakijwa, na sikuumia hata kidogo.

Jumamosi nilisimama kando ya barabara nikaiona pikapu ikipita na maua, na bibi harusi ameegemeza mkono dirishani bila wasiwasi.

Hamisi hajaacha wazo lake la mitumba, nisikudanganye. Lakini ufunguo hajaudai. Jana alikuja, akazunguka uwanja, akaninunulia chai. Chai, Fundi, mimi niliyekuja hapa kuiuza!

Pumzika sasa, Mungu akulaze pema. Mimi sijui ulimwahidi nani mwingine, huko Kwakoa, Shighatini, au wapi. Ulikuwa mtu wa kuongea na wateja, nami sikuwepo kusikia yote. Waje tu. Atakayefika getini akasema, "Fundi Omari aliniambia," sitamwuliza shahidi. Nitamwambia aingize gari.

Mwanafunzi wako,
Nakijwa