Mkubwa Asiyesikika

Gisenyi, Alhamisi

Mama Neema wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Dagaa wa ziwa hili, wanaowaita sambaza, nimewala mpaka mashavu yameongezeka. Lakini ngoja nikupe aibu yangu, upate cha kucheka.

Vituo vyetu vitano vya simu ya upepo kila asubuhi huchagua mkubwa wa siku, ndiye anayepanga boti ipi iondoke. Ukijitangaza ukajibiwa na wawili, mkawa watatu, basi ni wewe. Jana nikajitangaza. Kimya. Nikasema, "Asiyekubali aseme sasa." Kimya. Basi nikatawala hadi saa tano: hii ingoje, ile iondoke, huku moyoni nikisifu nidhamu ya wenzangu.

Ndipo akaingia Faustini, mwenzetu wa kituo cha Rubona, vumbi tupu. "Bon, we iko chef, mukubwa ya nani? Hakuna mutu anakusikia tangu asubui! Tulisha chagua ule mama wa Kibuye, maboti yote yalisha enda." Akanivuta nje, akanionyesha juu. Waya wa antena umekatika, na mashati yangu mawili yananing'inia kwenye waya huo. Niliyaanika mwenyewe.

Sasa, mke wangu, nimekuandikia mara mbili nikiomba niongeze mwezi mmoja huku, nawe hukujibu. Mpaka juzi nilihesabu umekubali.

Leo nafunga mizigo. Wabusu watoto, na Jumapili uniwekee chakula.

Baba Neema